Lita 90 zilizoishia njiani: kisa cha tangi la maji la safari ya Natron

Simu iliita Jumamosi saa moja asubuhi. Mtandao ulikuwa wa kukatikakatika, nikapata sentensi moja tu iliyokamilika: "Fundi, tangi lako halina maji." Nikaamkia, "Shikamoo mzee." Hakuitikia. "Hata tone," akasema, na simu ikakata.

Aliyepiga ni mwalimu mstaafu wa hapa Arusha, mteja wangu wa siku nyingi. Siku iliyotangulia alikuwa ameondoka mjini na familia yake: yeye, mkewe, kijana wao wa miaka 19, binti wa miaka 12, na mpwa wake ambaye ndiye dereva. Watu 5, siku 5, Ziwa Natron kwanza, kisha kupanda Loliondo na kuingia Serengeti kwa upande wa kaskazini. Tangi aliloliita langu ni langu kweli. Nililipima, nikalikata, nikalichomelea na kulifunga kwa mikono yangu. Kwa hiyo kisa hiki nakiandika nikiwa mshtakiwa na hakimu kwa wakati mmoja, na msomaji ana haki ya kunitilia shaka kila ninapojitetea.

Gari na nilichokifunga ndani yake

Gari ni Land Cruiser mkonga, ile ndefu ya injini ya 1HZ, ambayo huku kwetu imebeba watalii, wagonjwa, askari na maiti bila kubagua. Tangi nililiweka chini ya benchi la abiria, limelala kukingama gari: urefu sentimita 100, upana 30, kimo 30. Zidisha, unapata lita 90, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, unapata pia kilo 90, bila kuhesabu uzito wa tangi lenyewe. Mahali hapo sikupachagua kwa bahati. Ni chini, karibu na sakafu, na ni katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mzigo ukikaa hapo, gari halinyanyui pua wala halibonyei mkia, na likipita ubavuni mwa kilima halitafuti pa kulalia.

Ndani ya tangi nilichomelea mabamba matatu yenye matundu. Watu huuliza ya nini. Tangi lililojaa hadi juu ni mzigo uliotulia. Matata huanza likifika nusu, kwa sababu sasa una kilo 45 zinazokimbilia kushoto dereva akikata kulia, na kukimbilia mbele akikanyaga breki. Mabamba huyavunja yale mawimbi kabla hayajapata kasi. Nililipa pia tangi njia ya kupumulia, kijimpira chembamba kilichopanda juu hadi karibu na dari, maana tangi lisilopumua hujikunja pampu ikivuta, na halikubali kujazwa bila kutema. Nilifunga mikanda miwili ya chuma. Haya yote yalikwenda Natron yakarudi salama, na nayasema mapema ili nisionekane fundi asiyejua kazi kabisa.

Sasa upande wa pili. Pampu ilikuwa ya umeme wa volti 12, zile ndogo zinazojiwasha zenyewe ukifungua bomba na kujizima ukilifunga. Namna inavyofanya kazi ndiyo roho ya kisa hiki, basi nieleze taratibu. Ndani yake kuna swichi inayosikiliza shinikizo la maji kwenye mpira. Bomba likiwa limefungwa, shinikizo linapanda hadi takriban 40, kipimo kilekile tunachojazia matairi, na pampu inanyamaza. Ukifungua bomba shinikizo linashuka, pampu inaamka. Haijui kama shinikizo limeshuka kwa sababu mtoto ananawa au kwa sababu mpira umechomoka. Kwake ni kitu kimoja: maji yanatakiwa, nayasukuma. Na inasukuma kama lita 10 kwa dakika.

Kutoka kwenye pampu niliuteremsha mpira chini ya sakafu, ukapita pembeni mwa chesisi, ukatokeza nyuma kwenye mlango, mahali pa kupikia. Niliupitisha nje kwa sababu nilitaka ndani paonekane pasafi. Ulikuwa mpira wa plastiki nyepesi, unaona maji yakipita, wa nusu inchi. Katikati ya safari yake palikuwa na kiungo kimoja, mdomo wa shaba na klipu moja kila upande. Kiungo hicho kilipita upana wa vidole vinne kutoka kwenye ekzosi. Swichi kuu ya pampu niliificha chini ya dashibodi, ndogo, nyeusi, haina taa.

Mzee alipouliza atajuaje maji yamebaki kiasi gani, nilimjibu jibu ambalo nalikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda: "Utajua yakiisha."

Madumu ya mama

Siku ya kupakia, mama, mkewe Mzee, alikuja na madumu manne ya njano ya lita 20, yale ya mafuta ya kupikia ambayo kila nyumba inayo. Akataka yajazwe. Nikamwambia, "Mama, tangi linatosha." Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtoto anayesema hana njaa. Yakajazwa. Kwa kuwa ndani pamejaa, yakapandishwa kwenye keria, pamoja na mahema na tairi la spea.

Hapo nililalamika, na kwa sehemu bado nalalamika. Kilo 80 juu ya paa si sawa na kilo 80 sakafuni. Barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati la nyumba hailitingishi gari, inalipiga nyundo, na kila pigo linaifikia miguu ya keria ikiwa imeshabeba uzito zaidi ya ule ulioandikwa kwenye karatasi. Na gari lenye uzito kichwani, kwenye mteremko wa ubavu, ni gari linalokusubiri ukosee.

Dumu lenyewe lina ukoo wa kuheshimika. Miaka ya 1930 jeshi la Ujerumani lilitengeneza kopo la chuma la lita 20 lenye vishikio vitatu, na ya maji yakachorwa msalaba mweupe ili yasichanganywe na ya petroli. Waingereza, ambao walikuwa wakiwaita Wajerumani "Jerry" kwa kejeli, waliyateka, wakayapenda, wakayaiga, na ndiyo asili ya neno jerikeni. Dumu letu la njano limerithi zile lita 20. Halikurithi mfuniko.

Ijumaa

Waliondoka Arusha saa 12 asubuhi. Lami hadi Makuyuni, lami hadi Mto wa Mbu, kisha wakakata kaskazini kufuata ukingo wa Bonde la Ufa. Engaruka walifika mchana, wakala chakula walichofungasha. Binti akanawa mikono kwenye bomba la nyuma. Ili anawe, dereva alibonyeza swichi ya pampu. Wakapanda gari, wakaondoka, na swichi ikabaki imewashwa.

Kutoka hapo hadi Engaresero, kijiji cha karibu na ziwa, ni joto, majivu ya kale ya volkano ya Oldoinyo Lengai, makorongo makavu, na mwendo wa gia ndogo. Gari likienda polepole na injini ikifanya kazi kubwa, hakuna upepo wa kupoza ekzosi. Mpira wa plastiki karibu yake unakuwa laini kama ubani uliotafunwa. Ndani yake kuna shinikizo la 40, kwa sababu pampu iko macho. Na barabara inapiga nyundo. Sijui ni korongo lipi lililomaliza kazi, wala haina maana. Mpira ulichomoka kwenye ule mdomo wa shaba, pampu ikasikia shinikizo limeshuka, ikafanya ilichofundishwa. Lita 90 kwa lita 10 kila dakika. Waliokuwa ndani walikuwa wanasikiliza muziki na makelele ya mabati. Nyuma yao vumbi lilikuwa linalowa na hakuna aliyegeuka kuliona.

Saa 10 jioni wakafika karibu na ziwa, wakatandika hema. Mama akafungua bomba apike. Bomba likakohoa. Pampu ikanguruma bila kushika kitu, nayo ilikuwa ya moto usiyoweza kuigusa, maana ilikuwa imesukuma hewa kwa saa kadhaa. Betri ya pili ilikuwa imeshuka, na friji dogo lilikuwa limezima. Walilala wakidhani ni pampu imekufa na maji yapo. Asubuhi kijana akafungua mfuniko wa tangi, akamulika kwa simu, akaona chini panang'aa. Ndipo nikapigiwa.

Hesabu ya Jumamosi asubuhi

Wakashusha madumu. La kwanza lilikuwa jepesi kama unyoya. Kichwa cha bolti ya keria kilikuwa kimelisugua mchana kutwa wa safari, mviringo mdogo mweupe kwenye plastiki, na katikati tundu la sindano. La pili lilikuwa limejaa, lakini lilipofunguliwa harufu ilijitambulisha yenyewe: lilishawahi kukaa mafuta ya taa. Kijana aliliosha kwa sabuni mara tatu kabla ya safari na akaamini limetakata. Plastiki ya namna ile hunywa mafuta na kuyarudisha polepole, na sabuni haifiki yalikojificha. Maji yale yakawekwa akiba ya rejeta. La tatu na la nne yalikuwa sawa.

Kwa hiyo: lita 40 za madumu, na kwenye katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu zilikuwa zimebaki chupa 8, yaani lita 12. Jumla lita 52. Watu 5, siku 4 mbele yao. Lita 2 na pointi 6 kwa kila mtu kwa siku, kunywa, kupika, kuosha vyombo, vyote humo. Natron iko chini, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari wakati Arusha tuko 1,400, na joto la mchana huko linaweza kupita nyuzi 40. Mtu mzima anayefunga hema kwenye jua la namna hiyo anaweza kutoka jasho zaidi ya nusu lita kwa saa moja. Na ziwa liko palepale mbele yao, linang'aa, limejaa heroe, na maji yake ni magadi.

Niseme wazi kwamba hawakuwa hatarini kufa. Kijiji kipo, mto unashuka kutoka kwenye ukingo, watu wanaishi pale na watoto wao. Naona visa vya safari vikisimuliwa kama kila koki iliyovuja ni Sahara. Kilichokuwa hatarini ni safari yenyewe, na akili ya Mzee ya kufanya uamuzi akiwa na kiu na hasira.

Kosa la hesabu lililokuwepo kabla ya tundu

Gari liliporudi nilikaa na kalamu. Turudi nyuma hadi Ijumaa alfajiri, kabla chochote hakijavuja. Tangi 90, madumu 80, chupa 18. Jumla lita 188, mzigo ambao kila mtu aliyeuona alisema "maji haya mtayarudisha". Watu 5 kwa siku 5 ni siku-mtu 25. Gawanya: lita 7 na nusu kwa mtu kwa siku.

Mashirika ya misaada ya dharura yanapopanga kambi ya wakimbizi, huanzia lita 15 kwa mtu kwa siku, na kiwango chao cha chini kabisa cha kushikilia uhai, kwa kunywa, kupika na usafi wa lazima, ni hizohizo lita 7 na nusu. Familia ya mwalimu mstaafu iliondoka mjini kwa starehe ikiwa imejipangia kiwango cha mwisho cha dharura, tena bila akiba ya kuvuja. Mtu wa kambini mwenye nidhamu, anayeosha sahani kwa kikombe kimoja na kuoga kwa kitambaa, anaweza kuishi vizuri kwa kiasi hicho. Ila alipaswa kujua kwamba ndicho alichonacho.

Suluhisho kwa wengi hapa ni kuongeza maji. Ukitaka lita 15 kwa safari ile unahitaji lita 375, karibu kilo mia nne. Ongeza watu, mafuta, mahema na chakula, springi zitakuambia zenyewe. Kilichokosewa ni namba ya siku. Mzee alibeba maji ya siku 5 kutoka Arusha, akapita Mto wa Mbu, mji ambao maji si tatizo, baada ya saa mbili za lami akiwa na madumu yamejaa juu ya kichwa. Siku zinazohesabiwa ni zile zilizo kati ya mahali pa kujazia na mahali pengine pa kujazia, na kwa njia ile hazizidi 3.

Sufuria iliyochemka nusu saa

Jumamosi hiyo walikwenda kijijini, wakaomba, wakapewa maji. Kijana, ambaye ndiye aliyenipa matumaini katika kisa hiki chote, aliziba dumu la tundu la sindano kwa skrubu fupi iliyopitishwa kwenye kipande cha tyubu. Halikuvuja tena. Akaingia uvunguni, akaukata mpira pale ulipokuwa umetepeta, akausukuma upya kwenye mdomo wa shaba na kuufunga kwa manati za tyubu. Pampu wakaiwasha kwa kuhesabu hadi kumi na kuizima.

Kosa lililofuata lilikuwa la jikoni. Maji yalikuwa na ladha ya chumvichumvi, na mama alishasikia habari za floraidi, madini ya kwenye maji yanayoharibu meno, kama kila mtu aliyekulia upande huu wa Meru anavyozisikia. Unamjua mtu wa Maji ya Chai, hapa jirani, kwa meno yake ya kahawia. Basi akayachemsha nusu saa nzima "ili yale madini yaishe". Kuchemsha huua vijidudu, na kwa hilo inatosha maji yatokote sawasawa. Floraidi haipandi na mvuke. Maji yanayopanda ni maji matupu, na madini yanabaki sufuriani yakiwa mengi zaidi kwa kila kikombe. Kadiri alivyochemsha ndivyo alivyoyakoleza, na gesi ya mtungi wa kilo 6 ikateketea bure. Kufikisha lita moja kwenye mchemko kwa jiko la kawaida kunakula kama gramu 15 za gesi. Nusu saa ya kuendelea kutokota baada ya hapo ni kupasha joto Bonde la Ufa.

Kinachoondoa floraidi ni mkaa wa mifupa, kama ule uliofanyiwa kazi miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, au mitambo ya kuchuja kwa utando wa shinikizo kubwa. Chujio la kawaida la nyumbani haliwezi, klorini haiwezi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Lakini meno huharibika yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, utotoni, na kwa kunywa miaka, si kwa kunywa siku 3. Binti wa miaka 12 meno yake ya mbele yalishajengwa zamani. Kwa safari fupi mama alikuwa anapigana na adui asiye wake, na adui wa kweli, kuhara, dawa yake ilikuwa kwenye begi: chupa ya klorini ya WaterGuard ambayo hakuna aliyeifungua. Maji yakiwa na tope unayaacha yatulie, unayachuja kwa kanga safi iliyokunjwa, unatia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, unasubiri nusu saa kivulini. Jua huila klorini.

Punda

Siku ile gari lilipoingia gereji, mama alikaa kwenye kibenchi changu akinywa chai, mimi niko shimoni natazama matope yaliyokauka kama saruji juu ya difu na springi za nyuma, ramani kamili ya mahali maji yalipomwagikia. Akasema, kama mtu anayejisemea, "Wale wanawake wa Engaresero walitucheka na madumu yetu juu ya gari."

Nikamuuliza kwa nini.

"Punda wao anabeba mawili kila ubavu. Chini ya mgongo. Hakuna anayempandishia punda dumu kichwani."

Nilitoka shimoni. Nimesoma michoro ya matangi ya magari, nimeangalia video za watu wanaovuka majangwa, na sikumbuki mahali nilipoona jambo hili likisemwa kwa ufupi hivyo. Mzigo wa yule punda uko chini, umegawanyika sawa pande mbili, na umegawanyika mara nne: tundu likitokea kwenye dumu moja unapoteza robo. Na dumu la njano ukiliweka mbele ya jua unaona maji yalipofika, halihitaji geji. Tangi langu la chuma cha pua lilikuwa na sifa moja tu kati ya hizo. Lilikuwa chini.

Katoni ya chupa na madumu mawili mazima ndivyo vilivyoiokoa safari, vitu viwili ambavyo sikuvitengeneza mimi.

Nilichobadilisha

Bamba la katikati la tangi nililing'oa, nikachomelea lingine lisilo na tundu hata moja. Sasa ni matangi mawili ya lita 45 yaliyogawana ukuta, kila moja na mfuniko wake, njia yake ya kupumua na koki yake chini. Pampu inavuta kutoka upande mmoja tu kwa wakati, ule uliofunguliwa. Likitokea la kutokea, nusu inabaki. Koki za chini zina faida nyingine niliyoigundua baadaye: pampu ikifa, unachomeka kipande cha mpira, unaweka ndoo mlangoni, na maji yanashuka yenyewe bila umeme.

Mpira umerudi ndani ya gari, mzito, wenye nyuzi, na hauna kiungo popote kati ya pampu na bomba. Klipu mbili kila mwisho. Haupendezi machoni, Mzee amenung'unika, nimemwacha anung'unike. Swichi imepanda juu ya dashibodi na taa nyekundu, na nimeweka rilei inayokata umeme wa pampu injini ikiwaka. Gari likitembea pampu haiwezi kufanya kazi hata ukiibembeleza. Kazi ya saa mbili, waya mita tatu. Ningeifanya tangu mwanzo nisingekuwa naandika haya.

Geji sikuweka. Nilichonga kijiti cha mti, nikakigawa: kila upande wa tangi una eneo la sentimita 50 kwa 30, kwa hiyo kila lita 5 ni sentimita 3 na theluthi. Unasimamisha gari pa tambarare, unachovya, unasoma. Binti ndiye mwenye kijiti, na kazi yake ni kusoma kila jioni na kuandika kwenye daftari kabla sufuria haijawekwa jikoni.

Tangi nililisafisha kwa klorini kali, nikalisuuza mara tatu, kwa sababu lilikuwa limepitisha maji ya kijijini bila dawa. Kulisuuza haraka ni lazima. Klorini ikilala ndani ya chuma cha pua huanza kukidonoa, hasa kwenye mishono ya kuchomelea, na mishono yangu ya zamani haikuwa ya kujivunia.

Kuhusu madumu tulibishana. Nilitaka mawili yaliyojaa yakae sakafuni nyuma ya benchi, yamefungwa mkanda, na mawili matupu ndiyo yapande kwenye keria, ya kujazia tukifika penye maji. Katoni ya chupa iingie chini ya siti ya mbele na isihesabiwe kwenye chochote. Mzee akapiga hesabu kwenye simu yake: 90, 40, 18. Lita 148.

"Unanipunguzia lita 40," akasema, "halafu unanidai umeniongezea maji."

Nikamwambia agawanye kwa siku 3, si 5. Akagawanya. Ikaja karibu lita 10 kwa mtu. Akaigawanya tena, akaweka simu mfukoni bila kusema neno, na kwa mwalimu wa hesabu huko ndiko kukubali.

Fedha ya kazi sikuchukua. Hilo halikujadiliwa.

Walikwenda tena mwezi uliofuata, njia ileile, wakajaza Mto wa Mbu. Kila jioni nilipokea ujumbe wenye namba mbili tu, upande wa kushoto na upande wa kulia: 45 na 30. 45 na 10. 40 na 0. Waliporudi nilikagua mpira, klipu, mishono. Vyote vikavu. Kisha nikapanda kuangalia miguu ya keria, nikakuta katikati ya mahema, limefunikwa turubai na kufungwa kamba kama mtoto wa mgongoni, dumu moja la njano, limejaa hadi kwenye mfuniko.

Nikamwita Mzee. Akaja, akatazama juu, akakuna kidevu.

"Hilo si langu," akasema. "Ni la mama yako. Nenda wewe kamwambie alishushe."

Sikwenda.